Aliyeanza Ndiye Mshindi

Katika picha ya kwanza Royce Helms alikuwemo. Katika ya pili wakamwambia asogee kidogo pembeni. Kabla ya kupigwa ya tatu, binti mmoja wa ofisi ya matangazo, karatasi mkononi na tabasamu la mshahara usoni, akamshika kiwiko. "Samahani, bwana. Hii ni ya mshindi peke yake."

Royce akashuka jukwaani. Jasho lilikuwa bado linamchuruzika mgongoni, na vidole vyake vilikuwa vimejikunja kana kwamba bado vimeshika usukani. Mbio zilikuwa za pikapu, raundi mia mbili, naye alikuwa ameendesha mia moja themanini na tisa kati ya hizo. Yeye ndiye aliyeipitisha pikapu namba sitini na moja chini ya bendera ya mwisho, bampa la mbele limekunjamana, tairi moja la nyuma linafuka moshi. Na pale juu, akimwagiwa vikaratasi vya rangi, alisimama kijana Tanner Vosburgh wa miaka kumi na tisa, mguu wa kushoto ndani ya plasta, ovaroli yake kavu kama imetoka kwa dobi, amekumbatia kombe na hajui aangalie kamera ipi.

Kuna sheria. Sisi tunaoishi kwa mbio hizi tunaijua hata tukiwa usingizini: dereva anayeanza mbio ndiye anayeandikwa. Akianza huyu, akashuka, akapanda mwingine, pointi ni za aliyeanza, nafasi ni ya aliyeanza, na ushindi ukipatikana, nao ni wa aliyeanza. Sheria inamsaidia mtu aliyeumia asipoteze msimu mzima kwa ajili ya mbavu moja. Sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na watu.

Maana Tanner hakuumia mbioni. Aliteleza nyumbani kwa baba yake, Jumatano, mbele ya marafiki zake, alipojaribu kushuka kwenye mtelezo wa bwawa la kuogelea akiwa amesimama. Baba yake, Preston Vosburgh, anauza mabwawa ya kuogelea katika majimbo kumi na moja, na jina la kampuni yake ndilo lililoandikwa kila upande wa pikapu hiyo. Kwa hiyo Jumamosi wakambeba kijana, wakamwingiza kupitia dirishani, akazunguka polepole mkiani mwa wenzake, na bendera ya njano ya kwanza, ile ya kupunguza mwendo, ilipopeperushwa, raundi ya kumi na moja, mafundi wakamvuta nje kama gunia la viazi. Royce akaingia. Alirudi uwanjani akiwa wa thelathini na mbili, nyuma ya kila mtu.

Hakuna aliyemwambia ashinde. Hilo nataka lieleweke. "Nipe kumi na tano bora, basi," mwenye timu, Garland Whisenant, alimwambia redioni. "Usivunje gari la watu."

Lakini Royce alikuwa na miaka arobaini na sita. Miaka kumi na tisa katika mbio hizi, mashindano mia mbili themanini na saba, wa pili mara nne, wa kwanza hakuwa hata mara moja. Na siku hiyo gari lilikuwa tamu. Ukiligusa linapinda, ukiliachia linatulia. Zilipobaki raundi nane alikuwa wa nne. Zilipobaki tatu alikuwa wa pili. Iliyobaki mmeshaijua.

Garland alimkuta nyuma ya lori la timu, ameketi juu ya tairi, anakunywa maji.

"Royce, kaka yangu. Kazi nzuri mno."

"Wamenitoa kwenye picha, Garland."

"Ah, picha tu hiyo."

"Ni picha ya kushinda. Sijawahi kupigwa."

Garland akajikuna shingo. Si mtu mbaya Garland. Ni mtu mwenye wafanyakazi kumi na wanne na mdhamini mmoja, na mtu wa namna hiyo hujifunza kuinamisha kichwa. "Uliijua sheria ulipopanda," akasema.

"Niliijua."

"Basi."

Hilo "basi" Royce alisafiri nalo saa mbili na nusu mpaka nyumbani Mooresville, na lilikuwa bado halijamshuka kooni.

*

Jumapili kanisani watu hawakujua wamwambie nini. Mchungaji alimpa mkono akautikisa kupita kiasi. Wengine walimpungia kwa mbali wakajifanya wanatafuta funguo za magari. Bibi Eula wa kwaya, ambaye tangu azaliwe hajawahi kulifunika neno, akamuuliza mbele za watu: "Royce, mwanangu, tukupe hongera au tukupe pole?"

"Lolote ulilo nalo, bibi."

Watu wakacheka. Naye alicheka.

Nyumbani mkewe, Joleen, aliweka mezani maharage, mkate wa mahindi na jagi la chai baridi ya sukari. Joleen hupika katika shule ya msingi siku tano za wiki, na Jumapili hupika tena kwake, kwa hiyo usitegemee mdomo wake uwe laini saa ya chakula.

"Macy, weka hiyo simu."

"Mama, ngoja kwanza." Macy ana miaka kumi na sita. Alikuwa ameishika simu chini ya meza akifikiri haonekani. "Baba, wamebadilisha ukurasa wako wa rekodi. Hapana, hawajabadilisha. Ushindi, sifuri. Tena hata mbio zenyewe hazimo! Umebaki na mia mbili themanini na saba zilezile. Yaani ni kama jana ulikuwa hapa nyumbani unakata majani."

"Na wa Tanner?" Royce akauliza, japo alijua.

"Ushindi, moja." Macy akaitupa simu kwenye kochi. "Wizi mtupu!"

"Mdomo wako, Macy."

"Si wizi huu, mama? Haya, uite wewe basi. Unauitaje?"

Joleen akachukua jagi. Akajaza glasi ya mumewe, akaketi, akamkazia macho. "Nikuulize kitu. Zilipobaki raundi nane, ulikuwa unakumbuka kwamba si yako?"

"Nilikuwa nakumbuka."

"Ungeweza kumwachia yule wa mbele."

"Ningeweza."

"Ukabaki wa pili. Leo mtoto wa Vosburgh angekuwa wa pili, nasi tungekula maharage yetu kwa amani."

"Joleen, yule bwana aliacha nafasi upande wa ndani, hivi." Royce alionyesha kwa viganja viwili. "Gari linataka kwenda. Ningefanyaje? Nikanyage breki makusudi?"

Joleen akachukua upawa. "Huna akili hata kidogo," akasema, na akamwongezea maharage.

*

Jumanne Royce alipoingia karakana, fundi wa stika alikuwa anabandika alama ndogo ya ushindi kwenye pikapu, juu ya mlango, pembeni ya jina la Tanner. Fundi huyo alimwona, akageuza uso, akaanza kusugua mahali palipokuwa safi tayari. Kwetu jina la dereva huandikwa hapo, juu ya mlango, na madereva wenye majina hapo hawajui ni mangapi yameshabanduliwa kwa kisu ili yao yakae.

"Royce!" Garland akaita kutoka ofisini. "Njoo mara moja."

Ofisini mlikuwa na viti vitatu. Kimoja alikalia Garland, kimoja Preston Vosburgh, na cha tatu kilikuwa kimewekewa mguu wa Tanner, ambaye mwenyewe aliketi ukingoni mwa meza. Hakuna aliyeutoa mguu. Royce akasimama, kofia mkononi, kama mwanafunzi aliyechelewa.

"Shujaa wetu!" Vosburgh akasema. "Sikiliza, Royce. Alhamisi ya wiki ijayo wauzaji wangu wote wanakutana Charlotte. Watu mia tatu, chakula cha mchana, hoteli ya maana. Tanner atapanda na kombe, ajibu maswali. Hawa si watu wa mbio. Wanajua pampu na klorini. Lakini raundi ya mwisho wataiulizia tu, unajua watu."

"Wamuulize."

"Ndipo penye tatizo. Tanner hakuwa..." Vosburgh akalitafuta neno. "Hakuwa mahali pazuri pa kuona."

"Nilikuwa juu ya lori, Bwana Royce," Tanner akasema akiangalia plasta yake. "Kuna watu walisimama mbele yangu."

"Kwa hiyo tunataka umfundishe. Umweleze kila kitu, kona kwa kona, naye akaseme."

Royce alidhani hakusikia vizuri. "Akaseme kwamba niliendesha mimi?"

"Akaseme *nilifanya hivi, nikafanya hivi*. Kitabu kinasema mshindi ni yeye. Si mimi ninayesema, ni kitabu. Uongo uko wapi hapo?"

Nimekutana na watu wenye nyuso kavu maishani mwangu, lakini huyu! Ushindi wamechukua, kombe wamechukua, picha wamechukua, na sasa wamerudi kuchukua hadithi yake. Na waliitaka kwake mwenyewe, aifunge vizuri, awakabidhi.

Royce alifumbua mdomo, lakini Garland alimwahi. "Subiri. Hujasikia upande wa pili." Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba. "Mwaka ujao, mbio sita. Zako. Unaanza wewe, unamaliza wewe, jina lako juu ya mlango. Bwana Vosburgh anazidhamini zote sita. Ukishinda, umeshinda wewe, na hakuna wa kukufuta."

"Na nikikataa?"

Garland akaangalia sakafu. "Nikikosa mdhamini, gari lako silipati. Na sitapata mdhamini mwingine wa kumpa gari mtu ambaye mwakani atakuwa na miaka arobaini na saba. Wewe mwenyewe unajua."

Royce alijua. Alijua kuliko wote waliokuwa mle ndani.

*

"Chukua," Joleen akasema.

Walikuwa jikoni. Royce alitegemea angewaka. Alikuwa amejiandaa kumtuliza, na sasa hakuwa na la kufanya na mikono yake.

"Wananinunua, Joleen."

"Na wakununue! Tangu Macy hajazaliwa unalilia kitu kimoja, ushinde kwa jina lako. Unakitaja usingizini. Sasa mtu anakuletea nafasi sita, na anachotaka ni maneno ya raundi moja. Mpe maneno yake, wewe chukua magari."

"Ni raundi yangu."

"Utaendesha nyingine!" Alikuwa anasugua sufuria iliyokwisha kung'aa. "Na mimi hiyo Alhamisi nakuja. Nitaomba ruhusa kazini. Nitakula kuku wao na nitamwangalia huyo Vosburgh machoni mpaka ashindwe kumeza."

"Utavaa nini?"

"Nitanunua gauni. Mke wa mshindi haendi hotelini na aproni."

Alisema mke wa mshindi. Wote wawili walilisikia, na hakuna aliyelirudia.

*

Mafunzo yalikuwa kichekesho. Kila siku saa nne asubuhi, Royce na Tanner waliketi karakana, mwalimu juu ya ndoo, mwanafunzi juu ya kiti, daftari gotini.

"Kabla ya kona ya tatu niliachia mafuta mapema kuliko yule wa mbele," Royce akasema. "Mapema sana, mpaka akadhani nimekata tamaa."

"Mapema sana," Tanner akaandika.

"Gari likateremka lenyewe mpaka chini kabisa ya kona. Yeye bado anahangaika na breki juu kule, mimi nimeshakanyaga mafuta. Tulipotoka nilikuwa ubavuni mwake. Haya, niambie."

Tanner akavuta pumzi. "Kabla ya kona ya tatu niliachia mafuta. Katikati ya kona nikapiga breki kali..."

"Ukipiga breki kali hapo, mwanangu, hutatoka konani. Utatolewa."

"Samahani, bwana. Nikashika klachi..."

"Klachi ya nini tena, Tanner? Pale hatubadilishi gia."

Mafundi waliokuwa chini ya gari walicheka mpaka spana zikawaanguka. Tanner akawa mwekundu kama nyanya. Nitamtendea haki: kijana hakuwa mbaya. Alimwita Royce bwana, alisema tafadhali, alileta kahawa. Tatizo ni kwamba huwezi kukariri kitu ambacho mwili wako haujawahi kukifanya.

Jumatano, siku moja kabla ya mkutano, Vosburgh alikuja kuangalia, akasikiliza dakika tano, subira ikamwisha. Kisha akapiga kofi la furaha. "Siku ya mbio si kuna mtu anakaa juu ya paa la jukwaa la watazamaji na redio? Anamwambia dereva ingia, toka, kuna mtu ndani, ndani peupe?"

"Yupo," Royce akasema.

"Basi kesho utakuwa wewe. Unakaa chumba cha nyuma na redio, Tanner anaweka kile kidude sikioni. Wewe sema, yeye arudie."

Wakajaribu palepale, na ikaenda kama maji. Tanner ameendesha magari ya mbio, madogo kwa makubwa, tangu akiwa na miaka saba, na muda wote huo kumekuwa na sauti sikioni mwake. Akiambiwa kushoto, amekwenda kushoto kabla hajafikiri. Kila Royce alilosema lilitoka kinywani mwa kijana bila hata koma kudondoka.

"Safi kabisa!" Vosburgh akasema, na hakumshukuru yeyote.

*

Gauni la Joleen lilikuwa la kijani, na nywele zake zilikuwa zimetengenezwa na mtu mwingine kwa mara ya kwanza tangu harusi ya dada yake. Royce alivaa shati la timu kama alivyoagizwa. Mlangoni mwa ukumbi kijana mwenye orodha alipitisha kidole chini, akarudi juu, akashuka tena.

"Helms, Helms. Mezani sina Helms. Ahaa, huyu hapa. Fundi wa sauti, chumba cha nyuma, karibu na jiko. Na wewe, mama?"

"Mimi ni mke wake."

"Wake wa mafundi hawakupangiwa viti, mama. Samahani sana."

Joleen akalivuta gauni lake likae sawa. Anayemfahamu angeogopa. Alimfuata mumewe kwenye ujia wenye harufu ya mafuta ya kukaangia, mpaka kijichumba cha kuwekea vitu. Mlikuwa na stuli moja mbele ya kidirisha cha kioo kinachotazama ukumbini, redio juu ya rafu, na makatoni ya karatasi za kujifutia mikono. Joleen akalipangusa katoni moja kwa kiganja, akakusanya gauni lake, akalikalia. Mhudumu akaleta sahani ya kuku.

"Nimeambiwa moja tu," akasema kwa aibu.

Wakala wote wawili kwa uma mmoja. Kuku alikuwa amepoa.

Ukumbini Vosburgh alipanda jukwaani, akasema maneno mengi juu ya familia na kufanya kazi kwa bidii, kisha akapaza sauti: "Mwanangu! Bingwa!" Tanner akapanda akichechemea, kombe kwapani, na watu mia tatu wakasimama kupiga makofi. Waliona plasta, wakapiga zaidi. Walidhani ameumia akishinda.

Swali la kwanza lilitoka kwa muuzaji mmoja wa Tennessee. "Ulijuaje kwamba utampita?"

Royce akabonyeza kitufe. "Sikujua," akasema taratibu.

"Sikujua," Tanner akasema, na spika zikalipeleka neno mpaka darini.

"Lakini nilimwona anachoka. Mtu akichoka, gari lake linaanza kutanga upande wa juu."

"Lakini nilimwona anachoka..."

Ikaendelea hivyo. Royce alinong'ona chumbani, na sekunde moja baadaye maneno yake yalinguruma ukumbini kwa sauti ya mtu mwingine. Watu walipumua kwa mshangao, walicheka, walipiga meza. Joleen alikuwa hajawahi kusikia mumewe akieleza kazi yake namna hiyo. Aliacha kula. Akawa anamtazama yeye, halafu anatazama kioo, halafu anamtazama yeye tena.

Mlango ukafunguka. "Mama, inuka kidogo," mhudumu akasema. "Hilo katoni linahitajika mezani."

Joleen akainuka. Mhudumu akalibeba, akaenda zake. Joleen akabaki amesimama katikati ya chumba, gauni jipya, sahani ya mifupa mkononi, hana pa kuiweka. Miaka ishirini na miwili ya ndoa, na Royce hakumbuki kumwona mkewe akiinuka kwa amri ya mtu. Sasa alimwona.

Ukumbini mama mmoja wa Georgia, mnene, mwenye miwani ya mnyororo, alikuwa ameshika kipaza sauti. "Mimi ya magari siyajui, kijana. Mimi nataka ya moyoni. Ulipovuka ule mstari, ulifikiri nini?"

Ukumbi ukatulia. Tanner akatabasamu, akagusa sikio, akangoja. Royce alikuwa na kidole juu ya kitufe. Jibu alikuwa nalo. Lilikuwa jibu dogo tu, lakini lilimchukua miaka kumi na tisa, na hakuona ni vipi lingeweza kupita kwenye kinywa kile.

Akabonyeza. "Sijui," akasema.

"Sijui," Tanner akasema. Vicheko vikaanza.

"Sikuwemo ndani ya gari."

"Sikuwemo ndani ya gari." Vicheko vikapungua.

"Aliyeendesha ni Royce Helms."

"Aliyeendesha ni Royce Helms," Tanner akasema, wazi, kwa sauti ya mtu mtiifu. Lilipokwisha kutoka ndipo naye alipolisikia.

Vosburgh alifika chumba cha nyuma mbio, koti la suti yake likipepea. Akaichomoa waya ya redio kwa mkono mzima. "Una wazimu wewe? Una wazimu?"

"Huenda," Royce akasema.

"Nilikupa mbio sita! Nani mwingine angekupa, kwa umri huo?" Akashusha sauti, maana ukuta ulikuwa mwembamba. "Sasa sikiliza. Nitarudi pale, niseme ni mzaha wa karakana. Watacheka. Wewe kaa humu, ufunge mdomo, usitoke kwa mlango huu mpaka waondoke, na mbio zako zipo palepale. Ukitoka, hutakalia tena kiti cha gari. Si kwangu, si kwa Garland, si kwa yeyote ninayemjua."

Ukumbini, yule mama wa Georgia alikuwa hajaketi. "Sasa huyo Royce Helms yuko wapi?" akauliza.

Tanner akagusa sikio. Kimya. Akagusa tena. Kwa mara ya kwanza tangu akiwa na miaka saba hakukuwa na mtu wa kumwambia kushoto wala kulia. Alimtafuta baba yake, hakumwona.

"Yuko chumba kile, mama," akasema, kwa sauti ndogo ambayo ilikuwa yake. "Nyuma pale. Yeye na mke wake. Hawakupewa viti."

Vichwa mia tatu vikageuka.

Ndani, Royce alimtazama mkewe. "Mbio sita, Joleen."

"Nazijua ni ngapi," Joleen akasema. Akamkabidhi Vosburgh sahani ya mifupa, naye Vosburgh, kwa mshangao, akaipokea. Kisha Joleen akafungua mlango.

Wakatoka, yeye mbele na gauni lake la kijani, Royce nyuma na shati la timu. Hakuna aliyepiga makofi. Watu waliwatazama tu, na viti vilikuwa vinasukumwa ili wapite. Walipofika kwenye meza ya yule mama wa Georgia, aliivua miwani akamkagua Royce, mikono yake kwanza, kisha uso.

"Ndiwe?"

"Ndimi, mama."

"Haya. Nijibu wewe basi. Ulipovuka ule mstari, ulifikiri nini?"

Nyuma yake Royce aliwasikia mafundi wa sauti wa hoteli wakinong'onezana, na akasikia mlango wa chumba cha nyuma ukibamizwa kwa nguvu.

"Nilifikiri," akasema, "nimeshinda."